Reli ya Butembo–Beni, Mita Nne na Nusu

Jumatatu, tarehe 4 Juni 2001, Butembo

Nimekuwa mwenye garimoshi!

Mzee Syauswa, aliyekuwa mpishi wa mzungu wa kahawa kule Vuhovi, amefika mezani pangu na sanduku kichwani. Nilimwandikia barua tatu kuhusu shamba lake. Zote safi, hakuna iliyojibiwa. Kwa kuwa hana cha kunilipa, ametoa sanduku. Ndani: kichwa cha treni ya mvuke, cha shaba na chuma, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Kina tangi la maji, taa ya kuchemshia, pistoni mbili, filimbi. Tena vipande kumi na viwili vya reli iliyopinda. Vikiunganishwa: duara la mita nne na nusu. Kijitabu cha maelezo kimeandikwa Kijerumani, au labda Kiingereza. Nimekitafsiri kwa kutazama picha.

Mpango umenijia hapo hapo. Harakati ya waasi inayotutawala kutoka Beni ina mkuu wa kila kitu. Ina mkuu wa Anga, ingawa ndege huazimwa. Ina mkuu wa Takwimu, ambaye hajapata kutuhesabu. Haina mkuu wa Reli. Pengo la aibu!

Nimeandika: “Kwa heshima na taadhima kuu, mimi nitiaye sahihi hapa chini, Gamaliel Muyisa, mwandishi wa maombi ya umma na secrétaire wa parokia, ninaarifu kwamba reli ya Butembo–Beni imekwisha kupatikana, imekamilika, na inangoja tu mkurugenzi.” Sikutaja mita. Urefu ni jambo la kiufundi. Barua imeondoka na Ananie, jirani yangu, ambaye pikipiki yake hubeba abiria hadi Beni kila siku Mungu apendapo na barrières, vizuizi vya askari, ziruhusupo.

Mke wangu Rébecca ameuliza kama treni itamletea kuni. Nimemweleza kwamba reli ya taifa haibebi kuni. Amenikumbusha kwamba Jumapili ya tarehe 17 nitawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, kwamba nguo yake ya siku hiyo imekwisha kushonwa, na kwamba hadi hapo ninaombwa kutulia. Nitatulia. Kiti ni kimoja, na mshindani wangu ni Vagheni, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye mwaka jana alisahihisha ripoti yangu mbele ya washarika. Nimemsamehe. Tarehe ninayo.

Jumatano, tarehe 6 Juni

Kutandika reli katika mji wa vilima ni kazi ya mateso. Kijitabu, picha ya kwanza: mahali pawe tambarare. Katika mtaa wetu hakuna hata kitanda kilicho tambarare. Mtu hulala kichwa chake kikiwa wilaya nyingine. Nimeng'oa mlango wa mbele. Haukutosha. Nimeng'oa wa nyuma. Nimeilaza yote miwili uani, bega kwa bega, juu ya matofali, nikapima usawa kwa sahani ya supu iliyojaa maji. Saa tatu za kuingiza na kutoa vijiti. Maji yametulia. Kazi ya ujenzi wa reli: imekamilika kwa siku moja. Wabelgiji walitumia miaka!

Rébecca hakupongeza. Amesimama pale mlango ulipokuwa na kusema, akiniita kwa jina la binti yetu, kwa sauti ambayo mtaa mzima umeisikia: “Papa Abigaïl, vita iko, basoda banatembea, na weye unatosha milango yote mbili?” Nimemjibu kwamba mwizi, awe askari au raia, akikuta nyumba haina mlango ataona hakuna cha kuiba. Hakucheka.

Jaribio la kwanza. Maji ya mvua tangini, kikombe kimoja na nusu. Mafuta ya mawese kwenye kikopo cha kulainisha pistoni, maana mafuta yaliyochorwa kijitabuni hapa hayapo. Mafuta ya taa kwenye taa ya kuchemshia. Nimewasha. Moshi mweusi! Uso wangu, shati langu, ukuta wa jirani. Garimoshi halikusogea. Nimerudi kwenye picha: chupa iliyochorwa kando ya taa ina kitu cheupe kama maji. Ni pombe kali ya dawa! Nimezunguka maduka yote ya dawa. Hakuna. Vita vimeimaliza, wanasema.

Ananie ndiye aliyetoa ufumbuzi, akiwa juu ya pikipiki, bila kuulizwa. “Secrétaire, Mama Victoire iko na ile inawaka.”

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Nimekwenda kwa Mama Victoire. Ni Mkatoliki, mwanamke mwenye moyo mpana na mapipa mawili ya kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Mimi, mtu ambaye parokia yake ya Kiprotestanti humtenga anayelamba hata povu! Nimekwenda mchana, kichwa wazi, nikibeba mfuko wa vitabu vya nyimbo. Aliye na dhamiri safi hajifichi. Nimetangaza mlangoni kwamba ninahitaji chupa moja, si kwa matumizi yangu, bali ya mashine.

Wanaume watano waliokuwa ndani wamecheka hadi mmoja akaanguka kwenye benchi. Mwingine amejipigapiga tumbo na kusema: “Hata ya kwangu ni ya mashini, Secrétaire! Mashini yenyewe njo hii!” Nimewapa maelezo ya pistoni. Wamecheka zaidi. Wakati wa kutoka kizibo kimeteleza, na kiasi kimemwagika kwenye koti langu, ambalo ni moja.

Lakini imewaka! Leo hii imewaka! Moto wa buluu, mpole. Dakika sita. Tangi limeanza kuimba. Nimefungua mvuke: bomba limetema maji ya moto kwenye suruali yangu. Nimesukuma gurudumu kwa kidole, mara moja, mara mbili, maji yakaisha kwenye pistoni, na kitu kile kikaenda! Kikaenda peke yake, chuku-chuku, kikizunguka milango yangu miwili kama kina miadi. Mawese yamenukia, majirani wawili wamekuja na sahani, wakidhani tunakaanga ndizi. Rébecca ametoka jikoni akiwa na mwiko. Ametazama mizunguko minne. Halafu akasema polepole kwamba kweli ni kizuri. Nimeona macho yake. Siku ya furaha kuu.

Mke wa Vagheni alikuwa anapita barabarani. Alisimama. Alinusa. Alikwenda.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Nimeitwa mbele ya baraza la wazee mara baada ya ibada. Pasteur Kasika alikuwa katikati. Vagheni alikuwa pembeni, akitazama dari kwa huzuni kubwa. Wameomba koti langu. Limepita mkono kwa mkono, pua kwa pua. Likarudi bila maoni.

Nimeomba kalamu, nikaandaa maelezo ya hoja saba papo hapo, nikayasoma nikiwa nimesimama. Hoja ya tano ndiyo nguzo: “Mnywaji halisi si mimi. Mnywaji ni mashine, ambayo huishi nyumbani mwangu, hunywa mchana kweupe, na mimi mwenyewe huinywesha kwa mkono wangu.” Wazee wametazamana. Nadhani walivutiwa na mpangilio. Pasteur Kasika amechukua karatasi yangu, ameikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake, jambo ambalo sijaliona likifanyiwa karatasi ya mtu mwingine yeyote. Kisha akasema: mashine inakunywa? Vizuri. Jumamosi baraza litakuja lione ikinywa. Isipokunywa, hakuna kuwekewa mikono.

Rébecca ameisikia habari kabla sijafika nyumbani. Ameitoa nguo yake kwenye sanduku, ameikunjua, ameikunja, ameirudisha. Ni ya samawati, ina mikono iliyotuna. Wake wa wazee hukaa benchi la mbele. Miaka kumi na tisa amekaa la saba, nyuma ya nguzo.

Nimemhakikishia.

Jumatano, tarehe 13 Juni

Beni imejibu! Karatasi yenye mihuri minne, mmoja juu ya mwingine. Mjumbe wa Idara ya Usafirishaji atatua uwanja wa ndege wa Rughenda Jumamosi asubuhi “kukagua reli na kuchukua hatua zinazofaa”. Siku moja, ushindi mara mbili: kanisa litanisafisha, serikali itaniteua. Rébecca ameuliza kama Mjumbe anajua ni ya ukubwa gani. Nimemjibu kwamba watu wa ngazi ile hawaangalii ukubwa.

Amelala akitazama pale ambapo mlango ulikuwa.

Jumamosi, tarehe 16 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Wazee wamekaa kwenye benchi tangu saa mbili. Mtaa mzima juu ya ukingo. Saa nne Mjumbe amewasili kutoka Rughenda ndani ya pick-up, na askari wanne, na karani mwenye mihuri. Ameuliza reli iko wapi. Nimemwonyesha milango. Ametazama milango. Ametazama kilima nyuma ya milango. Ametazama milango tena. “Hii njo reli? Na ya kufika Beni iko wapi?” Nimemjibu kwamba kanuni ni ile ile. Sauti imetoka ukingoni ikisema kwamba anayekwenda Beni kwa treni hiyo akate miguu kwanza. Kicheko cha aibu.

Mjumbe hakucheka. Mtu hawezi kurudi Beni mikono mitupu. Amefikiri, halafu ameagiza kamba. Wameifunga kutoka kiti hadi kiti, juu ya reli, karani akatundika kipande cha karatasi: BARRIÈRE.

Wakati huo askari mmoja ameuliza ndani ya chupa mna nini. Nimemjibu kwa lugha fasaha: kiowevu cha kuendeshea mtambo. Amenusa. Ameita wenzake. Mtambo haukubakiziwa hata tone.

Pasteur Kasika amesema kwa upole kwamba sasa ni zamu ya mashine. Vagheni ameeleza, akimwambia jirani yake lakini kwa sauti ya kufika kwangu, kwamba labda mashine imeshiba tangu asubuhi. Hapakuwa na njia nyingine: nimemtuma Ananie. Amerudi na chupa, na Mama Victoire mwenyewe nyuma ya pikipiki, akipunga mkono kutoka mbali. “Secrétaire! Ile ya Ijumaa imeisha tayari?”

Mzee mmoja ameandika jambo kwenye daftari.

Hata hivyo! Maji, mawese, kanyanga. Moto wa buluu. Dakika sita za kimya kama cha meza ya Bwana. Filimbi! Na garimoshi likaenda. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Akina mama wamepiga vigelegele. Pasteur Kasika ameinama juu ya taa, amenusa, amevua kofia, na kutamka mbele ya wote: “Ni kweli. Mashini inakunywa.” Ushindi! Nimemtafuta Rébecca. Alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono mdomoni, anacheka.

Mzunguko wa tatu Mjumbe ametoa ishara kwa kichwa, na askari wameishusha kamba. Garimoshi limeigonga, limesimama, magurudumu yakizunguka bure. Karani amelitaka litoe hati ya safari. Halikutoa. Nimejitambulisha kuwa mkurugenzi. Mjumbe amesema kwamba mkurugenzi asiye na barua ya uteuzi ni kosa la pili. Limekamatwa. Askari amelifunga ndani ya shati lake kabla halijapoa. Amemwita Mungu kwa Kilingala hadi kwenye gari. Wamechukua na reli. Wameacha kamba.

Basi, nikawageukia wazee. Angalau kwao nimesafishwa! Pasteur Kasika amefungua Biblia, ametoa karatasi yangu, na kusoma hoja ya tano, neno kwa neno, bila kukosea hata mkato. Huishi nyumbani mwangu. Hunywa mchana kweupe. Huinywesha kwa mkono wangu. Akasema baraza limejiridhisha kwamba secrétaire hanywi. Lakini Maandiko yanataka mzee aitawale nyumba yake vizuri, na ndani ya nyumba hii amekaa mlevi, amelishwa na mwenye nyumba, mbele ya watu wote. Kiti ni cha Vagheni.

Sijawahi kushindwa na maandishi yaliyopangwa vizuri namna ile.

Jumapili, tarehe 17 Juni

Vagheni amewekewa mikono. Mkewe benchi la mbele, na kofia.

Rébecca amevaa nguo ya samawati, kwa kuwa imeshonwa. Amekaa la saba, nyuma ya nguzo. Ameimba nyimbo zote. Alasiri, akimenya mihogo, amesema bila kuinua macho: “Papa Abigaïl, miye sikuomba treni. Nilitaka siku moja tu ya kukaa mbele.”

Nimerudisha milango. Wa nyuma haufungi tena sawasawa.

Jumatatu, tarehe 18 Juni

Habari kubwa! Ananie ametoka Beni. Garimoshi liko juu ya meza ya Mjumbe. Hakuna anayeweza kuliendesha. Wametia petroli: pazia limeungua, na nusu ya sharubu za karani. Mjumbe ameuliza yule mtu wa Butembo anayejua kulinywesha yuko wapi. Ananitaka! Ijumaa! Kwa maneno yake, “aje na dawa yake.”

Nimekaa mezani asubuhi nzima. Barua mbili, zote bora.

Ya kwanza kwa baraza la wazee. Kwa kuwa mlevi amehama, na nyumba yangu sasa ni safi, ninaomba uamuzi uangaliwe upya, Vagheni ahifadhiwe kwa muda, na mke wangu apewe nafasi ya mbele kuanzia Jumapili ijayo. Ninaapa kwa maandishi kwamba kanyanga haitavuka tena kizingiti changu, milele.

Ya pili kwa Mama Victoire: lita nne, kwa safari ya Beni. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutimiza kiapo, nimemwelekeza asizilete nyumbani kwangu kamwe. Azishushe katika ofisi ya parokia, kesho saa tatu. Kuna kikao cha baraza la wazee, mlango utakuwa wazi.