Kuwa Tayari Mpaka Jumatano

Jumamosi, soko likiwa limechangamka, wananchi wa Kabambare walitangaziwa kwa megafoni kwamba kuanzia saa hiyo wako tayari. Hawakuulizwa. Utayari si jambo la kuulizwa, na Shefu Placide, mkuu wa Huduma ya Mapokezi na Heshima, alikuwa amepokea habari za utayari huo yeye mwenyewe kwenye simu.

Ujumbe ulitoka kwa wageni waliofika Kasongo, watu wa Kiingereza, waliokuwa wakileta pikipiki za kubebea wagonjwa, zile zenye kitanda cha kukokotwa nyuma. Ulisema hivi: Please be ready by Wednesday. Shefu alikuwa amesoma Kiingereza miezi mitatu Bukavu, tena cheti kinaning'inia juu ya kiti chake. Akatafsiri palepale bila kuomba msaada: tafadhali muwe tayari mpaka Jumatano.

Akaunda Kamati ya Utayari. Na kwa kuwa kamati isiyo na mtaalamu haina tofauti na watu wanaokunywa kahawa, akamwita Zakaria, mwalimu wa Kiingereza. Zakaria aliusoma ujumbe mara mbili, akakohoa.

"Shefu, iko na mushida kidogo. Hapa wameandika by. Hawakuandika until."

"Tofauti iko wapi?"

"Until, unakuwa tayari leo, unakuwa tayari kesho, Jumatano ikifika unaacha. By, hata ukijitayarisha Jumanne usiku ni sawa, bora Jumatano isikukute unatafuta viatu. Kuanzia hapo ndiyo unangojea wageni."

Shefu alimtazama kwa huruma. "Until kwa Kiswahili ni nini?"

"Mpaka."

"Na by?"

"Nayo tunasema mpaka. Mpaka Jumatano uwe umemaliza."

"Basi. Kabambare haina bajeti ya mpaka mbili. Mpaka ni mpaka, mwalimu. Ukiuvuka, uko nje."

Zakaria alitaka kuongeza neno. Akaarifiwa kwamba ameteuliwa makamu wa rais wa Kamati, na kwamba makamu hukalia kiti chenye mto; naye, baada ya kutafakari, akaona kwamba by na until zimetoka tumbo moja.

Utayari ukaanza. Watu walipangwa kando ya barabara, kutoka kwenye kizuizi cha polisi hadi ofisini, wamevaa nguo za sikukuu, mikono ikiwa imeinuliwa nusu ili kupunga kusichelewe. Polisi Pitchou alipita akikagua nyuso. Siku ya pili Mama Mounira, msemaji wa akina mama wa mashambani, alitoka mstarini.

"Shefu, ndege wanamaliza mpunga wetu."

"Ndege hawajapata taarifa."

"Na mukamwana wangu, muke wa mutoto wangu, tumbo limeshuka, iko karibu kuzaa. Nani atamuangalia kama mimi niko hapa nasimama? Wageni wenyewe hawako."

Shefu alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu. "Mama, ukiwa tayari wakati wageni wako, huo si utayari. Hayo ni mapokezi, nayo yana kitengo chake."

Mama Mounira akarudi mstarini. Jumanne mvua ikanyesha, utayari ukalowa, lakini haukuvunjika. Pitchou mwenyewe alisimama ndani ya maji hadi buti zikafanya sauti ya chura.

Jumatano jua lilipozama, Shefu alifunga rasmi utayari na kuwashukuru wananchi. Kisha, kwa kuwa anawajua watu wake, akatoa amri: yeyote atakayekutwa yuko tayari baada ya Jumatano atapelekwa salongo, ile kazi ya lazima ya mji, kuchimba mfereji na kufukia tope la pale penye kuingilia mji. Hakuna msamaha, awe mdogo awe mkubwa. Alilala usingizi mzito wa mtu aliyemaliza kazi ya taifa.

Alhamisi asubuhi alikuwa uani, kitenge kiunoni, anapiga mswaki, Pitchou alipofika anahema.

"Shefu, wageni wako karibu. Pikipiki zao zinasikika."

Mswaki ulisimama. Shefu akaamuru mstari urudi barabarani mara moja. Pitchou akakimbia mashambani, akarudi na jibu la Mama Mounira: akina mama ni watu wa sheria, hawako tayari.

Shefu akajifungia ndani. Suti, tai, soksi, viatu vinavyong'aa. Alipofungua mlango alikuwa amenyooka kama bendera. Pitchou alimkagua toka juu hadi chini, akashusha pumzi.

"Shefu, pole sana. Uko tayari."

"Bila shaka niko tayari."

"Leo ni Alhamisi."

Walitazamana. Shefu alitafuta katika kichwa chake kifungu kinachomwondoa mkubwa kwenye amri, akakumbuka kwamba amri aliiandika mwenyewe, na aliiandika vizuri.

Wageni walipofika, pikipiki zilikwama kwenye tope la kuingilia mji. Waliyemkuta hapo alikuwa bwana mmoja mwenye tai, ana sepetu mkononi, tope magotini.

"Shikamoo baba," alisema mkuu wa msafara, mama mmoja aliyejifunza Kiswahili Arusha. "Mkuu wa mapokezi yuko wapi?"

Shefu akafungua kinywa. Akaitazama sepetu. "Anakuja," alisema.

Akaja Mama Mounira na wenzake, majembe mabegani. "Karibuni," alisema. "Hatuko tayari, lakini tuko."

Wakazisukuma pikipiki zikatoka. Funguo alikabidhiwa Mama Mounira, na pikipiki ya kwanza akaipeleka moja kwa moja kwa mukamwana wake, aliyekuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Zakaria aliacha kiti chake cha mto, akakimbia nyuma yao kutafsiri.

Barabarani walibaki wawili. Shefu aliegemea sepetu.

"Pitchou, salongo hii ni mpaka lini?"

"Mpaka Jumamosi, shefu."

Shefu alifuta tope kwenye tai. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza tangu aanze kazi ya serikali.

"Mpaka ya kumaliza mbele ya Jumamosi, nikimaliza leo niende nyumbani? Ao mpaka ya kuchimba tu mpaka Jumamosi ifike?"

Pitchou alifikiri sana.

"Chimba kwanza, shefu," alisema. "Kamati itakaa."