Picha ya Ubongo Niliyoifafanua Kanisani

Sylvain na Léon, ndugu zangu wa Kolwezi,

Leo nimepata aibu ya kunitosha mpaka uzeeni, na saa tisa ya mchana bado haijafika. Nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa wengine, maana Likasi nzima ilikuwepo. (Sawa, watu arobaini.)

Mnajua nataka kumwoa Georgette, yule muuguzi. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho ni la shangazi aliyemlea, tantine Véro, anayeuza vitumbua mbele ya shule yangu. Mara mbili nimetuma wazee kwake. Mara mbili amewakaribisha, amewalisha, na kuwaambia warudi, yeye kwanza afikirie. Basi pasta aliponiomba nizungumze leo baada ya ibada, kwenye kikao cha wenye ndoa na wachumba, niwaeleze raha ya ndoa kwa upande wa sayansi, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mimi ndiye prof wa biolojia. Tantine Véro angekuwepo. Angenisikia nikisema mambo mazito, na moyo wake ungelainika.

Shida ilikuwa moja tu: sikujua lolote kuhusu jambo hilo. (Kimya, nyinyi wawili.) Vitabu vya shule vyenyewe viliisha zamani, vingi vinafungia karanga sokoni. Lakini Alhamisi nilinunua vitumbua kwa tantine, na karatasi aliyonifungia ilikuwa ukurasa wa gazeti la sayansi la Kifaransa, lenye pambo la buluu pembeni. Juu, kwa herufi kubwa, iliandikwa habari ya raha na ubongo. Chini palikuwa na picha ya kichwa cha mwanamke iliyopigwa na mashine, na ndani ya ubongo madoa mekundu na ya njano. Nyuma ni tangazo la magari. Nikaipaka majivu yanyonye mafuta, nikaikausha chini ya godoro, nikaisoma mara sita.

Leo nimevaa koti la marehemu baba. Nimebandika karatasi ubaoni, nimeshika rula ya shule, nimeanza.

Nilianza vizuri, hilo lazima niliseme kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Niliwaambia kwamba raha haikai pale watu wengi wanapofikiri inakaa. Inakaa kichwani. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi hula sukari nyingi kuliko nyingine, na huko Ulaya wanaweza kumdunga mtu sukari yenye alama, wakamlaza ndani ya mashine, na mashine ikaonyesha ile sukari imekimbilia wapi.

"Beko na sukari ya kudunga mu kichwa," akasema tantine Véro, ambaye alikuwa anapitisha vitumbua kwa kila benchi. "Na shiye chai tunakunywaka bila sukari."

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nikajiambia kwamba mama huyu tayari ni mkwe wangu.

Hapo ndipo ningepaswa kukaa chini. Sikukaa. Baba Kalenga, yule fundi wa reli, akanyoosha mkono.

"Prof, ule mwanamuke wa mu picha, eko anafanya nini?"

Karatasi haikusema. Chini ya picha waliandika tu kwamba maelezo yako ukurasa unaofuata. Mtu mwenye akili angejibu kwamba hajui. Lakini mimi nimefundisha miaka kumi na moja, na neno "sijui" nilishalisahau siku nyingi.

"Huyu ni mke aliye na mume wake," nikasema, nikigonga doa jekundu kwa rula. "Tazameni rangi. Hapa anafurahi. Na hapa, kwenye njano, anashukuru."

(Ndiyo. Nilisema anashukuru.)

Kisha nikaongeza, nikimtazama tantine Véro machoni, kwamba mwanamume anayejua biolojia hahitaji hata maandishi. Akiona tu, anatambua. Hawezi kukosea raha ya mke wake. Wanaume waliokuwa na kalamu waliandika. Baba Kalenga alichora kichwa kizima.

Nilipogeuka kutoka ubaoni nilimwona Georgette, benchi la pili. Ameacha kula. Kitumbua kiko mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ananyoosha karatasi yake juu ya goti. Ina pambo la buluu pembeni. Tantine alikuwa amefungia vitumbua vya kikao kwa gazeti lile lile.

"Georgette, uko unasoma nini?" tantine akauliza.

"Bintu ya Prof, tantine. Ukurasa wenye kufuata."

Pasta akafurahi sana. Akamwomba dada atusomee sote. Nilisema muda umekwisha. Pasta akasema muda tunao. Georgette akanitazama, na niliona anavyonihurumia.

"Nisome?"

Ningesema nini mbele ya kanisa? Nikamwambia asome. Akasoma kwanza kwa Kifaransa, polepole, halafu akageuza kwa Kiswahili.

"Picha ya ukurasa wenye kutangulia. Njo bongo ya mwanamuke mwenye eko anaumia. Balimutia mukono mu mayi ya moto."

Kisha mama Kalenga, mke wa fundi, akapiga makofi mara moja.

"Njo ile minye nasemaka miaka yote."

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Mmoja aliteleza kabisa kutoka kwenye benchi na hakuna aliyemwinua. Georgette, masikini, akifikiri ananiokoa, akaendelea kusoma: kwamba picha ya raha yenyewe ni ngumu kupiga, kwa sababu ndani ya mashine kichwa hakitakiwi kutikisika.

"Bwana yangu anaweza kwenda," ikatoka sauti nyuma. "Kwetu hakutikisikaka kitu."

Pasta alijifunika uso kwa Biblia. Mabega yake yalimsaliti.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, tantine Véro. Aliweka beseni lake chini, akangoja watu watulie.

"Prof. Mwanamuke eko anaungua mukono, weye unasema eko anashukuru. Na ule mutoto yangu Georgette, utamujua namna gani?"

Nilisimama na rula yangu. Nilitafuta jibu la Kifaransa, nikatafuta la Kilatini. Nikaishusha rula.

"Sijui, tantine," nikasema.

"Sawa," akasema. "Ile minye naamini." Akachukua beseni lake na kuendelea na benchi la tatu.

Nilimsindikiza Georgette mpaka kwao, nikitembea nyuma yake hatua chache. Nilimwomba radhi kwa ajili ya picha, kwa ajili ya rula, hata kwa ajili ya koti. Akaendelea kutembea. Tulipofika karibu na nyumba nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza kama bado ananitaka.

Akasimama.

"Miaka mbili tuko pamoja," akasema. "Njo mara ya kwanza unaniuliza kitu."

Nikafungua mdomo nimweleze sababu. Akainua mkono. Nikaufunga, nikangoja, na akanijibu. Wazee nitawatuma Jumamosi.

Sasa najua mmeshaanza kutabasamu. Kabla hamjacheka, waulizeni kwanza wake zenu kama inachekesha.