Rufaa ya Mheshimiwa, Mshindi wa Pili kwa Ubovu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Salamu. Natumaini wewe na wenzako wa chumba cha habari hamjambo, na kwamba barua hii itawakuta mmekaa, maana mimi nimeianza nikiwa nimesimama kwa hasira.

Mimi ni msomaji wenu wa muda mrefu, na kwa kazi ni msoma mita wa idara ya maji. Mwezi uliopita mliwaalika wasomaji wawaandikie kumbukumbu za gari bovu kuliko yote waliyowahi kumiliki. Niliitikia mwito. Nina desturi ya kuandika shajara, kwa hiyo sikubahatisha. Nilinakili mambo kama yalivyotokea. Jumamosi iliyopita nikafungua gazeti nikakuta gari langu limetajwa mshindi wa pili. Wa kwanza ni mkunga mstaafu, ambaye gari lake liliserereka likatumbukia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Napinga matokeo hayo.

Ujue kwanza uzito wa jambo lenyewe. Gari hili niliuziwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kila tukikutana mezani husema gari ni zima ila mimi sijui kuishi nalo. Mlipotangaza shindano, aliweka ahadi mbele ya familia nzima: gazeti likithibitisha kwamba hakuna gari bovu kuliko hili, atalichukua kwa mikono yake mwenyewe, anipe lake lenye milango inayofunguka, na aniombe radhi. Lisipothibitisha, nisilitaje tena gari hilo katika kikao chochote cha ukoo. Matokeo yalipotoka alikuja kwangu, gazeti amelikunja kwapani.

"Shemeji, hata kwa ubovu umeshindwa kushika namba moja," akasema. "Si nilikwambia gari ni zima?"

Mke wangu akacheka. Ndugu Mhariri, nimechekwa na watu wengi katika kazi yangu, lakini hao wote walikuwa upande wa pili wa ukuta.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mshindi wenu. Sina ugomvi na mama mkunga, na nampa pole. Lakini someni maelezo yake kwa makini. Gari lake lilifika hotelini. Lilifika likiwa na mwendo. Lilipita geti, bustani na viti vya wageni bila kuzimika. Langu halijawahi kufika hotelini. Tulijaribu mara moja, kwenye harusi ya binamu yangu, tukamalizia kwa miguu, tukawakuta wahudumu wanakunja vitambaa vya meza. Gari linaloweza kujirusha majini ni gari lenye nguvu na lenye uamuzi. Hilo halina ubovu, lina bahati mbaya. Tena liliogeshwa bure.

2. Kuhusu kuwaka. Gari langu linaitwa Mheshimiwa. Jina hilo sikulitoa mimi, lilitoka mtaani, kwa sababu haondoki mahali bila kusindikizwa na watu. Ufunguo wake ni wa heshima tu; ili awake, husukumwa. Jirani yangu fundi cherehani anakijua kikohozi chake. Akikisikia huacha futi kwenye kiuno cha mteja na kuja kusukuma. Siku moja mteja mwenyewe alimfuata, amevaa koti lililoshonwa mkono mmoja tu, mkono wake wa pili umebanwa ndani, akasukuma upande wa kulia. Tangu siku hiyo mama mmoja wa mtaani anaamini nimewahi kusukumwa na mlemavu, na hanisalimii.

3. Kuhusu milango. Mlango wa dereva hufunguka kwa nje tu, na kioo chake hakishuki. Mingine mitatu imefungwa kwa kamba, na fundo lake analijua mke wangu peke yake. Kwa hiyo nikiwa peke yangu hukaa ndani nikisubiri mpita njia mwenye utu. Kazini, mlinzi wa geti amenizoea: hukimbia kunifungulia, na kwa kuwa ni askari wa zamani, hupiga saluti. Sasa wageni wanamwona mtu ameletwa na gari linalosukumwa na watu wanne, amefunguliwa mlango, amepigiwa saluti. Wanahitimisha kwamba huyu ndiye mkuu wa idara. Nimekwisha kupokea maombi ya kazi ya kijana mwenye vyeti vizuri sana, na malalamiko marefu kuhusu bomba lililopasuka. Mkuu wa idara mwenyewe, ambaye hujifungulia mlango, aliniita ofisini akaniuliza kwa upole kama nina mpango wowote na kiti chake.

4. Kuhusu honi. Hailii ukiibonyeza kwa kidole. Hulia nikikata kona ya kushoto, na hainyamazi mpaka usukani unyooke. Nikaamua niwe nakata kulia tu. Kazini kwangu ni kushoto. Inawezekana kufika kwa njia hiyo, ila unapita mbele ya nyumba ile ile mara nyingi, na mwenye nyumba alianza kuwaingiza watoto ndani akiniona. Hayo ningeyasamehe. Lakini katika shajara yangu ya tarehe nne mwezi wa sita nimeandika hivi: "Leo tumemzika mwalimu wangu wa hesabu." Njia ya makaburini ni kona ya kushoto, kisha kushoto tena, kisha mzunguko wa barabara. Watoto wa marehemu walinivumilia mpaka mwisho. Baadaye nikasikia wanasimulia kwamba baba yao alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyefurahi.

5. Kuhusu geji ya mafuta. Mshale wake unasema tangi limejaa. Husema hivyo gari likiwa na mafuta, likiwa halina, na hata siku fundi alipolishusha tangi lenyewe akaliweka chini kando ya mguu wangu. Hapa naumia kitaaluma. Mimi nakula kwa kuamini mita. Kila siku kuna mwenye nyumba ananiambia mita yake inadanganya, nami namjibu kwamba mita haina sababu ya kudanganya, haina watoto wa kulisha. Kisha narudi garini, mshale unaniambia limejaa, nami nakubali, maana nisipokubali nitarudi vipi kwenye zile nyumba? Mmoja wa niliobishana nao asubuhi alinikuta jioni barabarani, nimeshika kidumu. Aliinama, akachungulia ndani, akautazama mshale, akanitazama mimi, akaenda zake akiwa mtu mwenye furaha.

6. Kuhusu waipa. Mota yake ilikufa zamani. Fundi akazifunga kamba mbili: moja inaingia kwenye dirisha la mke wangu, mbele kushoto, na ya pili inaingia kwenye dirisha la nyuma yangu, anapokaa mama yangu mzazi. Mke akivuta, waipa zinakwenda kwake. Mama akivuta, zinarudi. Wakati huo wawili hao walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya sufuria moja ambayo sitaeleza habari zake hapa. Mvua ikatukuta kwenye mteremko. Kila mmoja akavuta, kila mmoja akakataa kulegeza, waipa zikasimama katikati ya kioo zikitetemeka, nami siioni barabara. Niliwasihi. Binti yetu, ambaye kazi yake ni kutoa mkono dirishani badala ya indiketa, alianza kulia. Ndipo mama aliposema, "Haya, vuta wewe," na mke wangu akajibu, "Sasa wewe, mama." Tulifika nyumbani wakiwa wanazungumza habari za mapazia, na sufuria haijatajwa tangu siku ile. Najua wapo watakaosema hilo ni jambo jema. Mimi naliwasilisha kama hitilafu. Aliyeliunda gari hakukusudia waipa ziendeshwe na ukoo.

7. Kuhusu wizi. Asubuhi moja tulitoka nje tukamkuta mtu ameketi kwenye kiti cha dereva. Alikuwa ameingia vizuri, akajifungia asionekane, kisha akagundua lile ambalo mimi nililigundua siku ya kwanza. Aligonga kioo kwa adabu, akamwamkia mama shikamoo. Mama akaitikia kabla hajajua anamwitikia nani, na baada ya kuitikia haikuwezekana tena kupiga kelele. Tulimfungulia. Akanyoosha miguu, akapewa chai, akajibu maswali ya mama kuhusu wazazi wake, na kwa kuwa nilikuwa nachelewa kazini akaombwa asukume. Alisukuma vizuri kuliko jirani yeyote. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali, akatutazama familia nzima tulivyojipanga na kamba zetu, akasema, "Poleni sana." Ndugu Mhariri, naomba uwaulize waamuzi wako: je, mama mkunga amewahi kupewa pole na mwizi wake?

Kwa sababu hizo saba, naomba yafuatayo. Matokeo yabatilishwe, na mama mkunga apelekwe nafasi ya pili kwa heshima zote. Waamuzi waje wapande Mheshimiwa, wakae nyuma, na wapewe kamba siku ya mvua. Ikiwa hawatatosheka, basi napendekeza gari lichukuliwe na serikali likahifadhiwe ndani ya kioo pamoja na vile vipimo rasmi vya urefu na uzito, ili mtu yeyote atakayedai gari lake ni bovu akalipimie hapo. Na kama hayo yote ni magumu, niandikieni walau mistari miwili ya kumwonyesha shemeji. Tunakutana naye Jumapili.

Kibandiko cha "Mshindi wa Pili" mlichoniletea nimekipokea. Ni kikubwa na kina gundi nzuri. Kwa sasa kinashikilia kioo cha nyuma, lakini hilo lisichukuliwe kama kukubali matokeo.

Nisalimie waamuzi, mpiga picha, anayefagia ofisi yenu, na mlinzi wenu wa geti. Nikija mwambie mlango hufunguliwa kwa kuuinua kidogo. Msalimie pia mama mkunga, na kama bwawa limekwisha kusafishwa, mwenye hoteli.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Msoma Mita, mmiliki wa Mheshimiwa

Tanbihi: Barua hii nilikuwa sijaituma. Nina desturi ya kutunza nakala, na nakala niliiacha mezani. Jumapili shemeji aliwahi kufika, akaisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye mwizi alikaa chini. Alipomaliza alisema gazeti ni gazeti, lakini yeye ameshindwa, akaniomba radhi mbele ya wote. Akaweka funguo za gari lake mkononi mwangu, akachukua za Mheshimiwa, akatoka.

Mheshimiwa aliwaka kwa ufunguo. Mara ya kwanza, bila kikohozi. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kutoka mbio na futi shingoni. Alisimama katikati ya njia kama mtu aliyeachwa kituoni. Sikuwahi kusalitiwa namna ile.

Tukaingia kwenye gari la shemeji. Milango ilijifunga kwa sauti ndogo. Nilikata kushoto, kimya. Mshale wa mafuta ulikuwa nusu, na nadhani kweli yalikuwa nusu. Mke wangu alitazama dirisha lake, binti akatazama lake. Hatukuwa tumefika mbali mama aliponigusa bega.

"Mwanangu," akasema, "mimi nishike nini?"

Niligeuza gari.

Tulimkuta Mheshimiwa kwenye kona, amezimika, na shemeji ndani anagonga kioo. Fundi cherehani alikuwa kando yake, amekunja mikono, anaeleza kwamba yeye husukuma wenye gari tu. Tulimfungulia, ingawa si haraka sana. Nilimrudishia funguo zake nikamweleza, mbele ya mtaa mzima, kwamba gari ni zima kabisa ila yeye hajui kuishi nalo. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa anafunga fundo, na mama amekwisha kukaa mahali pake, kamba mkononi, ingawa angani hapakuwa na wingu hata moja.

Kwa hiyo naomba barua hii yote isichapishwe. Nafasi ya pili ni ya juu mno kwa gari zima kama hili, na kama kuna uwezekano tushushwe. Kibandiko tu ndicho sitaweza kukirudisha, maana nikikibandua kioo kitaanguka.