Babu Yangu Atolewe Kwenye Rafu ya Riwaya

Kwa Bi Zipporah,
Mkutubi Mkuu, maktaba ya mtaani kwetu, Malindi.

Bi Mkutubi,

Baada ya kukuamkia kwa heshima zote, nakuarifu kwamba nimekasirika, tena sana.

Kitabu changu, Asili na Fasili ya Ukoo wa Farjallah, nilikiandika kwa jasho langu nikawapa bure. Miaka minne kilikaa rafu ya historia, kimetulia, hakuna aliyekigusa. Wiki jana Bwana Nyale wa Tezo, mworodheshaji wenu mpya, alikibandika lebo nyingine na kukihamishia kwenye riwaya. Riwaya, jamani! Malalamiko yangu ni haya:

1. Anadai babu yangu amekufa mara mbili, sura ya tatu na sura ya tisa. Ni kweli. Sura ya tatu nilisimuliwa na ami zangu, ya tisa na wajomba. Kila upande ulimzika kwao, na kila upande ulipika pilau ya hitima. Mimi ni nani niwakate kauli?

2. Anasema simba hawezi kumsindikiza mtu msikitini. Kwani yeye alikuwepo?

3. Kama babu ni wa kubuni, baba ni wa kubuni, nami pia ni wa kubuni. Mtu wa kubuni harudishi vitabu. Kwa hiyo kile cha ufugaji wa mbuzi nilichoazima msikitarajie.

4. Mke wangu Zuleikha hasomi ila riwaya. Miaka minne namsihi asome walau sura moja ya kitabu changu, ananijibu historia inamtia usingizi. Sasa atasema hata maktaba imeniona mwongo. Hili ndilo linaloniuma hasa, sikufichi.

Kitabu kirudi historia kabla ya Ijumaa. La sivyo nitaleta jamaa zangu arubaini, kuanzia Kikambala, wapange foleni mezani kwa Bwana Nyale awaorodheshe mmoja mmoja.

Nisalimie mlinzi, mama wa usafi, na wasomaji wa magazeti wote. Bwana Nyale pia, ingawa hastahili.

Wako, mwenye babu wa kweli,
Azim Farjallah

Nyongeza: Nilikuwa natia barua bahashani, Zuleikha akarudi kutoka kwenu, mkononi ana kitabu changu. Hajapika, hanisikii nikimwita, na mazishi yote mawili ameyalia. Anasema angejua ni riwaya angekisoma zamani. Tafadhali, babu asiguswe. Kile cha mbuzi nakileta kesho, mimi mwenyewe wa kubuni.