Namna Nilivyowatayarisha Watoto wa Koleji

Jumatatu, tarehe 19 mwezi wa nane 1957

Lambert wangu amefaulu mutihani wa koleji. Nimeisema sokoni, bombani, na kwa kinyozi ambako sikuwa na kazi. Imebaki kitu kimoja. Jumapili Padri Mkuu atakula pamoja na watoto watatu waliofaulu huku mutaani kwetu Kabondo, aone kama wanajua adabu ya meza. Asiyejua atabaki kwao. Jirani Mama Clothilde akataka kuwafundisha, ati alisoma miaka miwili foyer social, shule ya wamama ya kazi za nyumbani. Mimi nilisoma mwezi mumoja, lakini ninashika haraka. Nikasema mbele ya wazazi wote: waje kwangu, ni bure. Clothilde akauliza kama kwangu iko hata kanya, ule uma wa kulia nyama. Nikajibu iko.

Iko moja. Hakuuliza ngapi.

Jumanne, tarehe 20

Somo la kwanza. Lambert, Wenceslas ambaye baba yake anavua samaki kwenye maporomoko, na Timothée wa maswali mengi. Unadunga kipande, unatafuna, unapangusa kanya, unampa wa mukono wa kuume. Anayengoja anakunja mikono na kutazama mbele kama mutu anayepigwa picha. Timothée akauliza kama kwa Padri pia watangojana. Nikamwambia mutu mukubwa hana haraka na chakula.

Alhamisi, tarehe 22

Bwana wangu, Papa Lambert, anasema niazime kanya kwa Clothilde, anazo sita. Afadhali nile kwa mwiko. Clothilde mwenyewe akachungulia juu ya ua: Mama Lambert, hao watoto wanangoja dawa? Nikamwambia ndivyo wanavyokula Bruxelles. Akarudi kwake. Wenceslas sasa anapitisha kanya bila kuitazama. Nilitokwa na machozi ya furaha.

Jumapili, tarehe 25

Nilikwenda kusaidia jikoni kwa Padri. Sikuitwa. Nikaona yote mulangoni.

Kila mutu alikuwa na kanya yake. Lambert akala kipande kimoja cha samaki, akapangusa, akampa Wenceslas. Wenceslas akala, akampa Timothée zote mbili. Timothée akampa Padri zote tatu. Basi Padri ameshika kanya nne, na watoto wamekunja mikono, wanatazama ukuta. Samaki anapoa. Padri akauliza nani aliwafundisha. Mutoto wangu hajui kusema uongo. Akasema: Mama.

Nimerudi kulala mchana, kitambaa usoni. Miaka yote ile ya Lambert kusomea taa ya petroli, na mimi nimeiharibu kwa mudomo wangu. Lambert akaniletea maji. Akasema, Mama, samaki alikuwa mutamu. Nikalia zaidi.

Jumanne, tarehe 27

Barua ya Padri. Wote watatu wamekubaliwa! Anasema hajaona vijana wanaokumbuka wenzao hivyo mezani. Chini ameandika kwamba, kwa hiyo, wapite kwa Mama Clothilde kujifunza kanya siku tatu kabla ya kupanda meli. Papa Lambert alisoma hiyo ya chini mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenda kuitangaza ile ya juu.

Jioni akaniomba: bon, Mama Lambert, sasa pumzika. Nipumzike namna gani? Watoto wanaondoka Jumamosi na hakuna aliyewafundisha Kilatini. Mimi misa yote ya Kilatini iko kichwani. Clothilde anaanza kesho saa nane mchana. Nimewaambia wazazi kwangu ni saa saba, na ni bure.