Habari za Vita vya Droo ya Askari Wastaafu wa Ifakara

Enyi watu wa bonde, mliotoka shamba na matope yangali miguuni, na ninyi wa Katindiuka mliokuja mashineni kukoboa mkazuiwa na mvua, na hata ninyi vijana mnaojua kila kitu: wekeni chini mlichobeba, mnyamazisheni mtoto kwa chochote kilichopo, mnisikilize. Wengine wamesimuliwa habari za majemadari waliobomoa ngome kwa mizinga. Mimi nitawasimulia ngome iliyoshindwa kwa moshi, na jemadari wake alikuwa mwanamke mwenye kanga mbili na jino moja la mbele. Mungu anijalie pumzi, na mwenye kunikosoa angoje nimalize.

Kwanza ifahamike dola yenyewe. Katika mwaka wa tisini na moja ilifunguliwa hapa Ifakara ofisi ya askari wastaafu, ili wapate pa kupeleka shida zao wazee waliokwenda vitani Bama, ng'ambo ya bahari, chini ya Keya, jeshi la Mwingereza, pamoja na wadogo zao waliorudi kutoka vita vya Kagera. Ofisi ilipewa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya mbegu za pamba, chenye dirisha moja na panya wenyeji. Ikapewa benchi. Ikapewa karani, Bwana Venance, kijana wa watu, mwembamba kama uzi wa kushonea, mwenye hofu ya Mungu na hofu kubwa zaidi ya waraka. Ikapewa muhuri mmoja, wa mviringo, wenye bibi na bwana wa ngao ya taifa katikati. Na ikapewa meza.

Meza hiyo nisipoieleza sawasawa nitakuwa nimewadhulumu. Ilikuwa kubwa kama pantoni ya mto Kilombero, nyeusi, nzito, yenye miguu minne kama ya kiboko, na tumboni mwake droo moja yenye kitasa. Fundi aliyeiunda, kwa haraka ya kuwahi sherehe ya ufunguzi, alitumia mvule uliokuwa bado unatoa maji. Basi kila kiangazi ule mti ulikauka, droo ikaingia na kutoka kama ulimi wa msengenyaji. Kila masika ulikumbuka kwao, ukanywa, ukavimba, na droo ikakaza isitoke. Na muhuri, ambao waraka uliagiza usilale hata siku moja nje ya droo iliyofungwa, ukabaki humo mpaka Julai.

Mwaka wa kwanza Venance aliandika mkoani kuomba meza nyingine. Akajibiwa kwamba barua ya kuomba meza sharti igongwe muhuri. Akaisoma, akaikunja, akakaa; na Julai droo ilipofunguka yenyewe, akaona haya kushtaki meza nzima.

Hapo ndipo wazee wetu, badala ya kuuliza, walipofanya walichozoea kufanya maisha yao yote humu bondeni: walihesabu miezi. Waliona muhuri unapatikana Julai, unaadimika Desemba, Machi haupo kabisa. Wakasema, kumbe nao una msimu. Wakaupanga akilini mwao baada ya kuvuna mpunga na kabla ya kuchoma mashamba. Mtu akija na karatasi yake mwezi wa Aprili, waliokaa kwenye benchi walimhurumia, wakamwambia amewahi, arudi nyumbani akapalilie. Miaka saba ofisi ikatawala hivyo kwa amani. Askari waliowahi kukabili risasi wakaheshimu msimu wa muhuri kama wanavyoheshimu msimu wa kambale, na Venance, kwa aibu yake, akawaacha waheshimu.

Ikaja masika ya mwaka wa tisini na nane, mwaka wa Elinino, samaki walipokatiza uani kwa watu bila kupiga hodi. Na katikati ya maji hayo akashuka daktari wa macho kwa ndege, akafikia hospitali ya misheni, akatangaza kwamba atakaa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Askari mstaafu mwenye barua ya ofisi yake, yenye muhuri, angeingia kwenye orodha ya kupasuliwa. Asiye nayo angoje mwakani.

Sasa mtajeni pamoja nami Koplo Kasmiri, simba wa Bama, mtafuna biskuti ngumu za Mwingereza, aliyevuka bahari kabla hajawahi kuvuka Ruaha. Jicho lake moja lilikufa zamani. La pili lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, hata wiki ile alikuwa amempigia saluti ndama akamwuliza habari za nyumbani. Giza lenyewe hakuliogopa. Alichokiogopa kilikuwa kushikwa mkono. Mkewe Merina alipompeleka mahali, yeye alitembea mbele akijifanya anajua njia, na Merina akamfuata nyuma akikohoa mara moja kwa kushoto na mara mbili kwa kulia, ili watu wasijue. Umri wake ulikuwa sabini na mitano, na mwaka ujao hakuuona kama jirani wa kuaminiwa.

Jumatatu walifika ofisini kwa kukohoa hivyo hivyo. Kwenye benchi alikuwepo Sajenti Seni, Msukuma aliyepigana Kagera kisha akahamia kwetu na ng'ombe mia na kofia moja. Akawapa pole. Akawaeleza kwa upole, kama alivyoelezwa yeye alipohamia, kwamba huu si msimu.

Merina akauliza swali ambalo miaka saba halikuwahi kuulizwa chini ya bati lile: nani kasema?

Seni akamtazama Kasmiri. Kasmiri akaelekeza uso kwa Venance. Venance akatazama sakafu, na pole pole, kama mtu anayetapika mwiba, akasema kweli. Ufunguo unazunguka vizuri, ila mbao imevimba.

Wanaume wawili waliokwenda vitani walikuwa wamesubiri mvua iishe kwa sababu ya kipande cha mbao.

Jumanne vita vikaanza, na kama vita vyote, vilianza kwa kugombea ukubwa. Seni akadai amri ni yake kwa kuwa sajenti yuko juu ya koplo.

"Nilipovishwa ukoplo, Seni," akasema Kasmiri, "baba yako alikuwa bado anatafuta mahari."

"Shikamoo, basi. Lakini ninyi vita vyenu mlipelekwa kwa meli, mkalishwa nyama ya kopo. Sisi tulitembea."

"Mlitembea kwa sababu hakuna aliyewataka kwenye meli."

Ikaamuliwa Koplo ahesabu na Sajenti avute. Wakaipaka droo sabuni ya mche, haikutikisika. Wakaipaka mafuta ya nyonyo, ikang'aa tu. Ndipo Sajenti Seni, fahali wa Kagera, akaukanyaga mguu wa meza kwa guu lake la kulia, akashika kishikio kwa mikono miwili, na Koplo aliponguruma tatu, akavuta mvuto ambao hata ng'ombe wake wangeushangilia. Kishikio kikang'oka. Sajenti akapita mlangoni kinyumenyume, akavuka baraza, akaketi katikati ya dimbwi, kishikio mkononi kama bendera iliyotekwa.

Venance akatoka, akakipokea kishikio, akakifuta kwa shati lake. Akasema ni mali ya serikali, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Seni, tope likimchuruzika, akataka shoka. Hapo karani yule mwembamba akafanya tendo ambalo historia haina budi kulihifadhi: alijilaza juu ya meza, akakumbatia pembe zake, akasema shoka lianze na yeye. Nao wakaona kweli angekatwa.

Koplo Kasmiri akasimama. Mvua ilipiga bati. Kisha akanyoosha mkono wake hewani, kiganja wazi, kutafuta wa kumshika.

"Mama Nelly," akamwambia mkewe, "nirudishe nyumbani."

Miaka miwili mkono ule haukuwahi kunyooshwa. Merina aliutazama, nami niliyekuwa nimejibanza dirishani kukwepa mvua, maana sikuwa mbea, nilimwona anakasirika kuanzia kwenye vidole vya miguu. Hakuushika. Akazikaza kanga zake mbili, akawahutubia wale mashujaa:

"Ninyi mmekwenda Bama na Kagera, mnajua kuvuta na kukata. Mimi sijafika hata Mlimba. Lakini nimekausha samaki masika thelathini na nne, na nitawaambia jambo moja. Kitu chenye maji hakivutwi. Kitu chenye maji kinakaushwa. Hiyo meza ni kambale. Nipeni nikaibanike."

Venance, bado amelala juu ya meza, akasema kwa huzuni kwamba mali ya serikali haitoki ofisini bila kibali chenye muhuri.

Merina akafumba macho akijizuia. Ndipo Koplo akashusha ule mkono, akasimama wima kama siku ya gwaride, akasema:

"Karani. Askari akiugua, haombi kibali. Anaripoti mgonjwa, anapewa wa kumsindikiza, anatibiwa, anarudi kikosini. Hii meza inaumwa. Andika kwamba inaumwa, uisindikize wewe mwenyewe."

Venance akateremka. Akautoa waraka mfukoni, akausoma ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma, huku tukimsubiri. Hakuona mahali palipokataza meza kuugua.

Jumatano kulipokucha msafara ukatoka. Sitasahau. Mbele fahali wawili wa Seni wakivuta mkokoteni, magurudumu yakizama hadi vitovuni. Juu ya mkokoteni meza ile kuu, imefunikwa turubai hadi shingoni. Pembeni Venance ameishikilia mguu, kama mtu anayempeleka mama yake hospitali. Nyuma Koplo Kasmiri, akihesabu kushoto kulia kwa ajili ya ng'ombe, ambao hawakufuata. Watu njiani walivua kofia. Mzee mmoja aliuliza nani amefariki.

Nyuma ya nyumba ya Merina pana banda la makuti lenye kichanja kirefu cha fito, na chini yake moto. Kambale waliokuwa juu walishushwa kwa heshima, meza ikapandishwa, droo ikielekea chini. Na hapo Merina, malkia wa moshi, alionyesha ujuzi usioandikwa popote. Hakuwasha moto wa perege, ambao ni wa haraka na una hasira. Aliwasha moto wa kambale mnene, usio na mwali, wenye moshi unaokaa na kufikiri. Kila baada ya muda alitia mkono chini ya meza, akaitomasa ubavu, akanusa kidole, akasema bado. Mimi nililetewa kazi ya kuchanja kuni, nikaifanya kwa umbali mzuri.

Adhuhuri Venance akakumbuka kwamba uso wa muhuri ni mpira. Akaanza kuzunguka banda akiuliza mpira unayeyuka kwa joto gani. Hakuna aliyejua. Koplo naye alikuwa ameketi juu ya kinu, uso ameuelekeza kwenye moshi, akisikiliza. Ukiyeyuka muhuri, ndiyo basi. Merina aliona mikono ya mumewe imebana magoti, akapunguza kuni mbili.

Alasiri, mvua ikiwa imenyamaza kidogo, kikasikika kitu. Hakikuwa kishindo. Kilikuwa mlio mdogo, kama mtu mzito aliyelegeza mkanda baada ya pilau. Merina akatia kisu cha kuparia samaki kwenye ufa, palipokuwa na kishikio, akavuta kwa vidole viwili.

Droo ikaja.

Ndani mlikuwa na mende watatu marehemu, nusu andazi la Desemba, kidau cha wino kilichokauka, na muhuri. Venance akaugusa mpira kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mzima. Akatoa barua aliyokwisha kuiandika, akakitemea kidau mate kwa mamlaka aliyopewa, akagonga. Bibi na bwana wakatokea wote wawili, zambarau, wamesimama wima, mwezi wa Aprili.

Alhamisi asubuhi muuguzi Getrude, pale hospitali ya misheni, aliipokea ile barua, akaisogeza puani, akauliza imetoka ofisi gani. Merina akamjibu ni ya serikali, mwanangu, imekaushwa isije ikaoza njiani. Jina likaandikwa. Saa nane mchana Koplo Kasmiri akaingia chumba cha kupasuliwa, naye alikuwa wa mwisho kabla ya daktari kufunga mikoba.

Wiki iliyofuata, bandeji ilipotolewa, hakutaka kwenda kwingine kwanza. Alitaka kumwona adui. Alitembea peke yake njia nzima, Merina nyuma hakohoi, akaruka dimbwi lile lile la Sajenti kwa makusudi, akaingia ofisini. Seni na Venance wakasimama. Meza ilikuwa imerudi mahali pake, nyeusi kuliko zamani, ikinukia kitoweo.

Koplo akaitazama. Akaizunguka. Akaipima kwa kiganja, akapata shibiri nne kwa tatu. Akaizunguka tena. Kisha akawaita wenzake karibu, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya kikosi, ingawa mimi nilikuwa mlangoni na masikio yangu ni mazima.

"Meza yenyewe ndogo," akasema. "Tukiulizwa, ilikuwa kubwa."

Sajenti akapiga saluti. Karani akafungua daftari la mali za serikali, akatafuta neno "meza", mbele yake akaongeza "kubwa sana", akagonga muhuri juu. Nami, ambaye sikupata kuwa askari hata siku moja, niliipokea amri hiyo pale pale mlangoni, na mpaka leo naitii.