Mtoa Mkojo Bora wa Wilaya

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mpanda, wa Majengo na wa Magamba, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba Idara ya Biokemia, Kituo cha Nyanda za Magharibi, imetimiza mwaka mwingine wa mafanikio makubwa kuliko mwaka uliopita, ambao nao ulikuwa wa mafanikio makubwa kuliko yote. Anayebisha ajitokeze kwa maandishi.

Natangaza mimi, Isidori, Katibu wa Kamati ya Tuzo na Mafanikio. Biokemia, kwa asiyejua, ni elimu ya mambo yanayojipika ndani ya mwili wa mtu bila sufuria. Mimi sikuisomea. Shule niliishia pale walimu walipochoka na maswali yangu, yaliyobaki nikajisomea kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Ndiyo maana habari nyingi za dunia nazijua nusu, na hiyo nusu ina mafuta.

Kabla ya ukatibu nilikuwa mtu wa kelele. Nilisimama juu ya kreti la soda sokoni Majengo nikauliza: hawa wasomi wanakuja na vichupa, wanachukua mikojo ya watu wa Magamba, wanaipeleka wapi? Mbona wao wanapanda vyeo na wenye mikojo wamebaki palepale? Watu wakapiga makofi. Profesa Rafaeli, Mkuu wa Kituo, akaja mwenyewe sokoni, akanisikiliza mpaka mwisho, akanivalisha tai. Tangu siku hiyo jibu ninalo. Mikojo inapelekwa mahali husika.

Kituo chetu kilikuwa na maabara ya chumba kimoja, bomba lisilotoa maji, na ukuta mzima wa vyeti. Profesa alikuwa na Tuzo ya Uongozi Uliotukuka, aliyojipendekeza mwenyewe kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu. Daktari Specioza, mtaalamu wa maabara, alikuwa na Tuzo ya Kuvumilia Ukosefu wa Maji. Jokofu la mafuta ya taa lilipewa Tuzo ya Utumishi wa Muda Mrefu, likafa wiki hiyohiyo, nadhani kwa furaha. Mimi nilipata Tuzo ya Ukimya. Kamati yangu ilikuwa na msimamo mmoja usioyumba: hakuna mshindi wa pili. Wa pili hununa, na mtu aliyenuna huanza kuuliza maswali.

Shida ilianza pale tulipoishiwa watu wa kuwapa tuzo. Mfadhili wetu, bwana mmoja wa Ulaya, alipiga simu ya redio kutokea Dar akisema anafurahi kwamba tumejitunuku vizuri, ila sasa anataka kuona tuzo ya mwananchi.

"Mwananchi yupi?" Profesa aliuliza kikaoni.

"Yeyote tunayemfahamu," nikasema.

Wajumbe wakapekua daftari la vichupa. Tulikuwa tunafahamu mikojo yao, siyo wao.

"Yupo yule bibi wa Magamba," Specioza akasema. "Anayeuliza."

Huyo alikuwa Nyanzala. Jina lake ni la Kisukuma, wanampa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na njaa ilikuwa bado haijamsahau. Mwaka ule mvua ilikataa, mahindi yakakauka, ukabaki muhogo mchungu. Muhogo ule una sumu, unatakiwa uvundikwe majini mpaka ulainike ndipo uanikwe. Lakini mwenye njaa hangoji kulainika. Watu walikuwa wanauchomoa mapema, wanatwanga, wanapika. Mjukuu wake Nyanzala, Recho, akila ugali ule alishika kichwa, akatapika, akalala njaa. Bibi mwenyewe alikuwa akisimama anashika nguzo.

Sumu hiyo ikishapita mwilini hutoka kwa mkojo. Specioza alikuwa anachovya karatasi ya njano kichupani. Ikibaki njano, hakuna kitu. Ikigeuka kahawia, kuna sumu. Ya Nyanzala ilikuwa inageuka rangi ya kiatu cha askari. Kwa ajili ya rangi ile Profesa alisafiri nchi tatu kuhutubia.

Na kila alipoleta kichupa, Nyanzala alisimama mlangoni akauliza jambo moja. "Mkojo wangu umesema nini? Huyu mtoto nimlishe au nisimlishe?"

Jibu nilikuwa nalitoa mimi, nikiwa na tai, nikimwita mama kwa Kisukuma chake. "Bado unachambuliwa, mayu. Utafiti unaendelea."

Basi tukamchagua. Fundi seremala wa Majengo akachonga ngao ya mninga, nzito, ya kung'aa, MTOA MKOJO BORA WA WILAYA. Jina la mshindi hatukuliweka kwa sababu nafasi iliisha kwenye WILAYA.

Hotuba niliiandika mimi. Profesa alisisitiza iwe Kiswahili cha wananchi. Vitabuni wanaandika "kumtuza" mtu. Lakini huku kwetu nani amewahi kumtuza mtu? Mcheza ngoma akiwa mkali, watu wanainuka wanamtunza: huyu kanga, yule kuku. Nikaandika "tunamtunza", nikapiga mstari chini ili Profesa akazie sauti. Najivunia kwamba alikazia.

"Kuanzia leo," alinguruma kwenye kipaza sauti, Mkuu wa Wilaya kaketi mbele, Magamba nzima imesimama juani, "Idara ya Biokemia inamtunza mama huyu!" Makofi. Makofi yalimlewesha. "Inamtunza, nasema! Inamtunza yeye pamoja na mjukuu wake!"

Mkuu wa Wilaya akapiga makofi kwa kusimama. Nyanzala akapokea ngao, akaipima uzito, akanitazama.

"Wewe wa tai. Amesema na mjukuu?"

"Amesema, mayu."

"Haya."

Kesho yake asubuhi tukasikia hodi. Alikuwa yeye na mkeka, chungu, kuku mmoja, na Recho kabeba ngao kichwani.

"Karibu mama," Profesa akasema. "Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimekuja kutunzwa."

"Lakini mama, ulishatunzwa jana."

"Jana mmenipa ubao. Ubao hata uuchemshe mpaka jioni, hauivi. Mlisema kuanzia siku ileile. Usiku nimelala kwangu, huo nimewasamehe."

Profesa akanigeukia. Mimi nikageukia ukuta wa vyeti, nao haukunisaidia.

Akaitwa Silvesta, Mtendaji wa Kata, atupatanishe. Silvesta ni mtu wa maneno machache na mbuzi wengi.

"Isidori," akaanza, "kutunza maana yake nini?"

"Katika muktadha wa kitaaluma," nikasema, "neno hili lina upana wake, na ukiangalia kwa mapana na marefu..."

"Mimi mbuzi wangu nawatunza. Niwape cheti?"

Nikasema sivyo.

"Nawapa nini?"

"Majani, Mtendaji. Na maji."

"Sasa mnataka nini tena? Nyie mmesema mnamtunza, mbele ya Mkuu wa Wilaya, naye akapiga makofi. Au mnasema Mkuu wa Wilaya alipigia makofi uongo? Semeni, niandike."

Hakuna aliyetaka aandike. Makofi ya mkubwa hayarudi mikononi. Nyanzala akapewa chumba cha stoo ya tuzo, akatundika kanga dirishani, akawasha moto uani. Ngao akaifanya mfuniko wa chungu. Kila siku akapakuliwa mchele wa Usevya na maharage, kutoka magunia ya watumishi. Kamati iliingiza jambo hilo kwenye taarifa chini ya kichwa Ushirikishwaji wa Jamii.

Haikupita muda, Recho akaacha kutapika. Akaanza kukimbiza kuku. Halafu asubuhi moja Specioza akaingia ofisini kwa Profesa na karatasi mkononi, uso umemshuka.

"Profesa, mkojo wa mama Nyanzala umeharibika."

"Umeoza?"

"Hapana. Hauna sumu."

Profesa akakaa chini. Mimi nikavua kofia.

"Hata kidogo?"

"Angalia mwenyewe. Njano kama alizeti."

"Nani amefanya hivi?"

"Mchele."

Ilikuwa pigo. Idara yetu ilikuwepo kwa ajili ya rangi ya kahawia. Mtu wa kwanza kupona mikononi mwetu, na ndiye aliyetegemewa kuliko wote! Nilipendekeza tuzo ya rambirambi kwa Profesa. Akaikubali, ila hakula mchana ule.

Angejua, angekula. Ndizo siku ziliposhuka mvua, zile kubwa ambazo redio ilikuwa inaziita kwa jina la kigeni. Reli ya kwenda Tabora ikakatika, barabara ya Usevya ikawa mto. Mchele ukabaki gunia moja. Profesa akatoa waraka kwamba, kutokana na hali halisi, mchele utahudumia kwanza watumishi wenye shahada. Silvesta akaja na mwavuli, akasoma waraka, akauweka mfukoni.

"Anayetunzwa nani?"

"Mama Nyanzala," nikasema.

"Basi gunia la nani?" Akaondoka na mwavuli wake.

Specioza akasema hayo hayamhusu, akahamia kwa dada yake Majengo kwenye viazi. Tukabaki Profesa na mimi, na stoo ya vielelezo: unga wa muhogo kutoka kila kaya ya Magamba, uliokusanywa mwaka ule wa njaa, kila mfuko umebandikwa karatasi iliyoandikwa SUMU.

"Profesa," nikasema, "imeandikwa sumu."

"Hiyo ni sumu ya kitakwimu, Isidori. Songa ugali."

Nikasonga. Mimi niliyesimama juu ya kreti nikiwatetea wenye muhogo ule, nilikula matonge yangu nimevaa tai, na nikaomba ukoko. Tulipoanza kuona vitu viwili viwili, Profesa aliuita uchovu wa kitaaluma.

Nyanzala alikuwa anatuangalia kutoka jikoni kwake.

"Profesa, mbona umeshika ukuta?"

"Natafakari, mama."

"Hata mimi nilikuwa natafakari hivyohivyo. Mpaka natapika."

Maji yalipopungua, mfadhili akateremka kwa ndege ndogo, amevaa mabuti mapya. Alikuja kuona jambo moja tu, mkojo maarufu wa Magamba, kabla hajaamua kama Idara iendelee au ifungwe. Profesa hakulala siku mbili kabla ya hapo. Kama karatasi ingebaki njano mbele ya mgeni, kituo kingekwisha, na ukuta wetu wa vyeti ungebaki nyumba ya mijusi.

Maabarani meza ikapangwa. Specioza alirudi na koti jeupe. Kichupa cha Nyanzala katikati. Mgeni akasema, kwa Kiswahili chake cha kusomea, "Naomba pia mkojo wa mtu mwenye afya. Ili kulinganisha."

Profesa akaona mlango wa kutokea. Kama ya bibi itabaki njano, na yake njano, si ataweza kusema karatasi zimeharibiwa na unyevu? Akajinyoosha, akashika ukuta kidogo.

"Nitatoa mimi," akasema. "Mtu mwenye afya na elimu. Isidori naye atoe, kama mwananchi wa kawaida."

Tukatoka, tukarudi na vichupa. Specioza akachovya.

Ya Nyanzala ikabaki njano.

Yangu ikaanza taratibu, kama chai inayokolea, ikafika kahawia ya udongo wa chungu, ikatulia.

Ya Profesa haikungoja. Ilikwenda kahawia, ikapita kahawia, ikaelekea kwenye rangi ambayo Specioza hakuwahi kuiona katika kazi yake yote. Aliiinua juu dirishani.

Mgeni akatazama bibi aliyekaa wima, mtoto anayerukaruka mlangoni, kisha Profesa aliyeshika meza kwa mikono miwili.

"Samahani," akauliza. "Mgonjwa ni nani?"

Nyanzala akainuka, akaenda jikoni. Tukasikia chungu kikifunuliwa. Akarudi na ngao ya mninga, bado ina mvuke, akaifuta kwa kanga, akamwekea Profesa mikononi. Ilimfaa. Haikuwa na jina la mtu.

Mgeni akaanza kuandika haraka haraka. Alikuwa amefurahi sana. Idara itaendelea, akasema, ila mwelekeo wa utafiti utabadilika kidogo: Profesa asiguse chakula kingine, aendelee na ugali uleule, alete kichupa kila asubuhi, na mimi vilevile. Na kwa kuwa wenyeji ndio wanaoaminika, vichupa vitapokelewa na Mama Nyanzala.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nyuma ya Profesa kwenye foleni. Ilikuwa foleni ya watu wawili. Nyanzala alikaa mlangoni kwenye kigoda, Recho pembeni yake anakula wali kwa mkono.

"Shikamoo mama," Profesa akasema. Miaka yote alikuwa anaingoja shikamoo kutoka kwa bibi yule. Siku hiyo aliitoa yeye.

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo."

Akaweka. Hakuondoka. Alisimama ameshika nguzo, sauti imekuwa ndogo.

"Mama. Mkojo wangu umesema nini?"

Nyanzala akainua kichupa kwenye mwanga, akakitikisa, akakirudisha chini.

"Bado unachambuliwa, baba. Utafiti unaendelea."

Kisha akaniita mimi. Kwa kumbukumbu za Wilaya, mwaka ule nilikuwa mshindi wa pili. Niliulizia zawadi yangu, nikaambiwa Kamati ya Tuzo haina kitu kwa wa pili, nikitaka kulalamika nimwone Katibu.